Lalibela kwa Siku Moja Ndiyo Ghali Zaidi

Anayepanga kwenda kuona makanisa ya mwamba ya Lalibela, Ethiopia, huanza kwa kuulizia kiingilio, na akishajibiwa hushtuka. Kuanzia 2013, kwa miaka mingi mgeni alitozwa dola 50 za Marekani dirishani, na kwa Mtanzania au Mkenya wa kipato cha kawaida hizo ni pesa nyingi za kuingilia kanisani. Wapo wanaoghairi safari papo hapo. Wapo pia wanaojibana: wanafika na ndege ya asubuhi, wanazunguka mbio mbio, wanalala usiku mmoja na kesho yake wanarudi Addis Ababa wakiamini wameokoa. Kwa maoni yangu hao wa pili ndio wanaolipa ghali kuliko wote.

Tuanze na kinachonunuliwa. Lalibela ni mji mdogo wa milimani katika jimbo la Amhara, kiasi cha mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Zamani uliitwa Roha. Mfalme Lalibela wa ukoo wa Zagwe, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13, ndiye anayetajwa kuwa aliagiza makanisa 11 yachongwe, na mji ukaja kuchukua jina lake. Hapakubebwa jiwe la kujengea. Mafundi walianzia juu, wakachimba mtaro kuzunguka bonge la mwamba mwekundu wa volkeno, kisha wakalitoboa milango na madirisha na kulikomba ndani hadi zikabaki nguzo, matao na dari. Fundi aliyepitiliza tindo hakuwa na namna ya kurudisha alichokwisha kukata. Mwaka 1978 UNESCO ilipotoa orodha yake ya kwanza kabisa ya Urithi wa Dunia, Lalibela ilikuwamo.

Sasa hesabu. Dola 50 ukizigawa kwa makanisa 11 unapata chini ya dola 5 kwa kanisa. Tiketi ni moja kwa yote, na inatumika kwa siku kadhaa mfululizo. Hakikisha tarehe ya mwisho imeandikwa kabla hujaondoka dirishani. Bei za namna hii hupanda, kwa hiyo iulizie upya hotelini kwako kabla ya kusafiri. Hata ukikuta imepanda, hoja yangu inazidi kupata nguvu, kwa sababu hii ni gharama isiyopungua hata senti moja ukikaa saa sita badala ya siku tatu. Nauli ya ndege nayo ni hivyo hivyo, na viza, na gari la kutoka uwanjani. Kinachoongezeka ukiongeza siku ni chumba na chakula tu, na hivyo ndivyo vitu rahisi kuliko vyote Lalibela.

Chukua mfano wa hesabu tu, uweke tarakimu zako mwenyewe. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi kutoka Addis ni dola 150, tiketi 50, chumba na chakula dola 30 kwa siku. Anayekaa siku moja anatumia 230 na kuona makanisa sita au saba kwa pumzi moja. Anayekaa siku tatu anatumia 290, anayaona yote 11, na yale anayoyapenda anayarudia alfajiri na jioni. Dola 60 za ziada zimemletea siku mbili nzima, ilhali ile siku ya kwanza peke yake iligharimu 230.

Siku hizo mbili zina thamani yake. Makanisa hufungwa mchana, takribani kuanzia saa 6 hadi saa 8, na anayefika na ndege ya asubuhi hujikuta mbele ya milango iliyofungwa huku muda wake ukiyoyoma. Kundi la kaskazini peke yake, lenye Bete Medhane Alem, Bete Maryam, Bete Meskel, Bete Denagel, na Bete Mikael na Bete Golgotha yanayohesabiwa kuwa kanisa moja, linakula asubuhi nzima ya mtu asiye na haraka. Bete Medhane Alem ni jumba la urefu wa mita zaidi ya 33 lililozungukwa na nguzo pande zote, na ndani ni giza lenye harufu ya ubani na mazulia ya kale. Ukiingia kutoka juani huoni kitu. Inabidi usimame dakika tano, macho yazoee, ndipo nguzo zianze kujitokeza moja baada ya nyingine na uone alama za tindo kwenye ukuta. Anayeburutwa na ratiba huwa ameshatoka kabla macho yake hayajafunguka.

Upande wa pili liko kundi la Bete Amanuel, Bete Abba Libanos, Bete Merkorios, Bete Gabriel-Rufael na Bete Lehem, na humo kuna handaki refu lenye giza totoro ambalo unalipita kwa kupapasa ukuta kwa mkono mmoja na kunyanyua mwingine kulinda kichwa. Chukua tochi. Kisha Bete Giyorgis, lililojitenga peke yake, lenye umbo la msalaba, ambalo paa lake liko sawa na ardhi unayoikanyaga. Ukitokea kwa mbali huoni kanisa. Unaona watu wamesimama ukingoni wakitazama chini. Alfajiri ya Jumapili ukingo huo hujaa waumini waliojitanda shuka nyeupe, wengine wamepachika vipaji vya nyuso kwenye mwamba, na sauti za mashemasi zinapanda kutoka shimoni. Saa hiyo ziara za siku moja hazijafika bado. Ningemshauri mtu akose chakula cha jioni kuliko kuikosa.

Kuna jambo la haki katika bei ile, nami sioni aibu kulitetea. Waethiopia wanaoingia kusali hawalipi. Huko Göreme, Uturuki, makanisa ya mwamba yamekuwa makumbusho, na moja lenye michoro bora, Karanlık Kilise, hudai tiketi nyingine juu ya ile ya getini. Lalibela bado panasaliwa, watoto wanabatizwa, maiti wanaombewa, na mgeni ndiye anayechangia zaidi. Nauona huo ni mpango mwema kuliko kumtoza bibi aliyetembea siku nyingi kwa miguu kuja kuhiji.

Tiketi hiyo hata hivyo haigharimii kila kitu. Mwongoza watalii analipwa mbali, kamera ya video ina ada yake, na makanisa ya nje ya mji yana viingilio vyao. Lililo bora miongoni mwa hayo ya nje ni Yemrehanna Kristos, kilomita 40 na kitu kwa gari, lililojengwa kwa tabaka za mbao na mawe ndani ya pango. Halikuchongwa, na ni la zamani kuliko yale ya mjini. Asheten Maryam liko juu ya mlima kwa wenye magoti mazuri. Na'akuto La'ab ni la karibu zaidi, kilomita chache, na maji hudondoka kutoka dari la pango yakakingwa kwenye mawe yaliyochongwa mabakuli. Kwa mwenye pesa za gari mara moja tu, ningechagua Yemrehanna Kristos bila kufikiri mara mbili, na ningetafuta wageni wengine hotelini tugawane gari.

Mahali ambapo mtu anaweza kuokoa au kupoteza pesa nyingi kuliko popote ni kwenye tiketi ya ndege. Shirika la Ethiopian Airlines huwapa bei nafuu sana ya safari za ndani abiria walioingia nchini kwa tiketi yake ya kimataifa. Ukikata tiketi ya Dar es Salaam, Nairobi au Kigali kwenda Addis kwa shirika hilo, nunua na ya Lalibela kwa kutumia namba ya tiketi hiyo. Aliyekuja kwa shirika jingine kwa sababu lilikuwa nafuu kidogo anaweza kujikuta unafuu wote umeliwa na saa moja ya kuruka kutoka Addis. Vivyo hivyo kwa Mkenya anayetaka kupanda basi la Moyale: barabara ni ya lami, nauli ni ndogo, lakini ni zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Nairobi hadi Addis, na akifika huko punguzo la ndege za ndani hana. Ajumlishe na malazi ya njiani ndipo aamue.

Na basi la kutoka Addis hadi Lalibela? Miaka ya nyuma nilikuwa nikiwapendekezea vijana wenye muda. Ni siku mbili, unalala Dessie au Woldia, unaiona milima ya Wollo kwa macho yako. Lakini tangu Agosti 2023 jimbo la Amhara limekuwa na mapigano kati ya jeshi la serikali na wapiganaji wa Fano, na njia hiyo si ya kuitafutia unafuu. Mji wenyewe uliwahi kutekwa Agosti 2021 wakati wa vita vya Tigray, ukakombolewa Desemba mwaka huo, kisha ukakaa muda mrefu bila umeme wa gridi. Kabla hujalipa chochote kisichorudishwa, piga simu hotelini Lalibela kwenyewe, uulize hali ya wiki hiyo, na soma tahadhari za usafiri. Tiketi ya ndege inayoruhusu kubadilisha tarehe, hata kwa nyongeza, ni pesa iliyotumika vizuri.

Mkenya hahitaji viza. Mtanzania aombe ya mtandaoni mapema. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mfukoni. Kuhusu saa, msemaji wa Kiswahili ana bahati, kwa sababu Waethiopia huhesabu kama sisi: saa moja ni asubuhi, jua likiwa limeshachomoza. Hatari inakuja pale dereva anapozungumza nawe Kiingereza na kutaja saa mbili, maana hujui anafuata hesabu ya kwao au ile ya kwenye tiketi ya ndege. Muulize kama ni kabla au baada ya chakula cha mchana. Watu wameachwa na ndege kwa hilo.

Tarehe 29 Julai 2024 Ethiopia iliiachia sarafu yake, birr, ijitafutie bei sokoni, na ndani ya miezi michache ikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake mbele ya dola. Kwa msafiri maana yake ni kwamba kuna bei za aina mbili. Vinavyouzwa kwa birr, yaani injera, bajaji, chumba cha gesti, kahawa, vimekuwa vyepesi kwa mwenye dola hata baada ya bei kupanda. Vinavyotajwa kwa dola, yaani hoteli za ukingoni mwa mlima, magari ya kukodi na vifurushi vya mawakala, havikushuka. Tafuta chumba kinachotajwa kwa birr, ukakague maji ya bombani na uulize kama wana jenereta au sola. Hoteli za ukingoni zina mandhari ambayo huwezi kuibishia, lakini usiku huoni mandhari, na mchana huko kwenye makanisa ndiko utakakokuwa.

Kula wanachokula wenyeji siku za mfungo. Waorthodoksi hawagusi nyama, maziwa wala mayai Jumatano na Ijumaa, na kuna mifungo mirefu zaidi ya hapo, kwa hiyo kila mkahawa unajua kupika beyaynetu: injera moja kubwa yenye dengu, kunde, kabichi, sukumawiki na shiro juu yake. Inawashibisha wawili na ni sehemu ndogo ya bei ya sahani ya kizungu hotelini.

Kuhusu mwongoza watalii, wengi huamini ni ama umchukue siku zote ama usimchukue kabisa. Si lazima kisheria, na mtu anaweza kuzunguka peke yake. Ushauri wangu: mchukue wa mji huo mwenye kitambulisho siku ya kwanza tu, mkubaliane bei ya kikundi kizima na si ya kila kichwa, mtaje na makanisa mtakayopita kabla hamjaanza. Ndiye atakayekuonyesha lipi lilianza kama jumba la kifalme kwa maoni ya wataalamu, lipi lina nguzo iliyofunikwa kitambaa ambayo hakuna anayeruhusiwa kuifunua. Siku ya pili rudi peke yako kwa tiketi ile ile. Utaona kwamba makuhani wanakutambua, na yule mtunza viatu vilevile.

Huyo mtunza viatu usimsahau. Viatu vinavuliwa mlangoni mwa kila kanisa, na kuna mtu anayevilinda au kuvihamishia upande utakaotokea. Kazi yake ni ndogo na malipo yake ni bahshishi yako, basi vunja noti kubwa tangu Addis. Vaa soksi nene, kwa sababu mazulia yana viroboto. Makuhani wengine hutoa misalaba ya kale ili wapigwe picha, na wanatarajia kitu. Mimi huona ni heri kutia kwenye sanduku la kanisa. Ukiuzwa msalaba unaodaiwa kuwa wa karne nyingi, kataa. Mwaka 1997 msalaba mkuu wa dhahabu wa Bete Medhane Alem uliibwa, na kabla haujarudishwa ulikuwa umeshavuka mipaka hadi Ulaya. Kutoa vitu vya kale nje ya Ethiopia ni kosa, na forodha ya uwanja wa ndege wa Bole, Addis, hukagua.

Kwa wanawake liko jambo ambalo mawakala hulificha: Bete Golgotha, lenye sanamu za watakatifu zilizochongwa ukutani kwa ukubwa wa mtu, haliwaruhusu kuingia. Tiketi ni bei ile ile. Sikubaliani na hilo, na naona dirisha lingepaswa angalau kumwambia mteja kabla ya kupokea pesa yake. Mwanamke anayejua mapema atapanga muda huo akae ua wa Bete Maryam, mbele ya madirisha yake ya misalaba, ambao nausifu kuliko mahali pengine popote mjini.

Majira nayo yana bei. Genna, yaani Krismasi ya Ethiopia, huangukia 7 Januari, na mahujaji humiminika kwa makumi ya maelfu. Vyumba hupanda mara kadhaa na hukodiwa miezi mingi kabla. Anayekwenda kusali alipe tu, maana asubuhi ile makuhani wanapoimba juu ya kuta za ua wa Bete Maryam hakuna kinachofanana nayo. Anayekwenda kuona michoro na mawe aende Oktoba, baada ya mvua, milima ikiwa ya kijani na vyumba vikijadilika. Julai na Agosti ni rahisi zaidi, ila mitaro huteleza.

Wapo wanaouliza kama jimbo la Tigray lisingekuwa rahisi zaidi, kwa sababu huko hakuna tiketi ya dola 50. Kuna makanisa ya mwamba zaidi ya 120, na kabla ya vita ada ya kawaida ilikuwa birr 150 kwa kanisa, yaani karibu dola 5 kwa kiwango cha 2019. Linganisha na zile dola 4 na ushee za Lalibela kwa kanisa: ni yale yale. Tofauti ni kwamba Lalibela unatembea kwa miguu, na Tigray makanisa yametawanyika milimani, kwa hiyo gari la kukodi kutoka Mekelle ndilo linalobeba bajeti yote. Mtu peke yake ataumia. Wanne wakigawana, ni nafuu ya kuridhisha. Juu ya ada yupo kijana wa kuonyesha njia, wapo wa kukushika mguu kwenye mwamba, na yupo kuhani mwenye ufunguo ambaye huenda yuko shambani. Unamsubiri, na akikosekana umepoteza asubuhi.

Abuna Yemata Guh, huko Gheralta, ni kipimo cha ujasiri. Kipande cha mwisho unakipanda peku, ukiingiza vidole kwenye vishimo vilivyolainishwa na mikono ya karne nyingi, kisha unapita kwenye ukingo mwembamba wenye bonde la zaidi ya mita 200 chini yako. Ndani, kuba lina mitume waliochorwa kwa rangi zinazong'aa kana kwamba fundi ameondoka jana. Mwenye kizunguzungu asidanganywe na picha. Aende Wukro Cherkos, lililo mjini kabisa kando ya barabara, na Abreha we Atsbeha, ambayo hayadai kupanda ukuta. Mapigano yalisitishwa kwa mkataba wa Pretoria wa Novemba 2022, lakini huko pia ulizia kwanza.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanapita Addis wakielekea Ghuba, Ulaya au Marekani, na wanakaa uwanjani Bole kutwa nzima wakisubiri ndege ya kuunganisha. Kwao liko Adadi Maryam, kilomita 60 na kitu kusini mwa jiji, kanisa lililozamishwa mwambani kama yale ya Lalibela, dogo zaidi, na bado linasaliwa. Njia ni ile ya Butajira, halafu kipande cha barabara ya vumbi. Gari moja la siku linapitia pia Melka Kunture, penye mabaki ya binadamu wa kale, ambapo UNESCO ilipaorodhesha 2024, na Tiya penye mawe ya makaburi yaliyochongwa panga. Ada za maeneo hayo ni ndogo. Gari ndiyo gharama, hivyo mkubaliane bei ya kutwa pamoja na mafuta na kusubiri. Uwe na saa zisizopungua 10 kati ya ndege na ndege, na viza ikiwa pasipoti yako inaidai. Mpangie dereva kuanzia Adadi Maryam, kwa sababu kuhani mwenye ufunguo hupatikana kwa urahisi baada ya ibada ya asubuhi.